Kurumbiza na Itoka la Mpakani

Jumapili, 9 Machi 2025

Mwalimu Mwangangi, kabla ya lolote naomba radhi. Misimu miwili ya mvua imepita bila wewe kupata daftari langu, ilhali yako yamenifikia yote kutoka Kitui, na la mwisho ulilifunga kwa nailoni ili lisilowe njiani. Sikuugua, wala sikuishiwa na wino. Niliona tu kwamba mtu ambaye nyumba yake imenyamaza akishika kalamu atalalamika, nawe unajua nisivyowapenda walalamishi.

Zoezi lako nimelipokea. "Chagua ndege mmoja aimbaye na mmea mmoja uchanuao, vyote viwe vya bomani mwako. Uvitazame tangu ukame hadi mvua iishe, kisha ulinganishe." Miaka yote tuliyofundisha pamoja ni mimi niliyekusahihishia ripoti zako, na leo unanipa mimi kazi ya nyumbani. Haya.

Ndege wangu ni kurumbiza anayekaa katika ugo wa kaiyaba karibu na lango. Unamjua: kifua cha rangi ya chungwa, kichwa cheusi chenye mstari mweupe juu ya jicho, na tabia ya kuiga sauti za wengine. Mmea wangu ni itoka, yungiyungi la mpakani. Kwetu, wazee wa pande mbili wakikubaliana mwisho wa shamba, hupanda matoka mbele ya mashahidi, na baada ya hapo hakuna mkono unaoruhusiwa kuyang'oa. Ukuta huanguka, nguzo huoza, itoka hubaki.

Sababu ya kimya changu unaijua nusu, nami nitaandika nusu iliyobaki. Mwaka juzi binti yangu Wachuka, uliyemfundisha, aliomba pembe ya shamba iliyo kando ya mto ili afanye kitalu cha maua na ajenge nyumba ndogo. Nilikataa mbele ya kaka yake Kinyua na jirani yetu Kingori. Nilisema: "Binti ni ndege, hapandwi. Mtoto wa kiume ndiye mmea." Aliondoka juma lile akaenda Kerugoya, na hajarudi. Sasa Kinyua amemtafuta mpimaji wa ardhi. Mvua ikipungua, mwishoni mwa Mei, mawe ya mpaka yatatiwa na shamba litaandikwa kwa jina la Kinyua, na jambo litakuwa limefungwa.

Kwa hiyo jibu la zoezi lako ninalo kabla ya kuanza: ndege huenda, mmea hukaa. Nitalithibitisha.

Jumatano, 12 Machi

Jua. Vumbi. Kurumbiza yupo.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeutembea mpaka wote kutoka barabarani hadi mtoni na sikuona itoka hata moja. Palipokuwa na majani mapana mwaka jana pana udongo uliopasuka na kamba kavu za majani yaliyokufa. Nilikuwa nimeinama nikichokora kwa fimbo Kingori aliponiona kutoka upande wake, ndoo ya maziwa mkononi.

Kingori huzungumza nami kwa Kiswahili kwa makusudi. Kikuyu chake ni kizuri kuliko changu, lakini anajua Kiswahili chake huniumiza masikio, naye hufurahia.

"Mwalimu! Unatafuta nini hapo chini kama kuku?"

"Matoka."

"Matoka imelala. Iko ndani ya mchanga. Ngoja mvua."

"Yamelala," nikamwambia. "Yamo ndani ya udongo."

"Ehe, hata hayo. Yote imelala."

Alipokwenda zake nikatambua kwamba katika umri wangu wote sijawahi kuuchunguza mpaka wangu mwezi wa Machi. Huutazama yakichanua, basi. Mmea haupo, ndege yupo. Lakini hitimisho haliandikwi kwa siku moja.

Alhamisi, 20 Machi

Mawingu yalikaa mlimani tangu saa sita. Hayakushuka. Mke wangu Phyllis amepika githeri ya mahindi na maharage.

Jumatatu, 24 Machi

Wachuka alipokuwa msichana alikuwa na mluzi wake: sauti mbili za chini, ya tatu ikipanda kama swali. Aliupiga akifika kona ya barabara ili mama yake aje kumfungulia lango. Nilimkataza mara nyingi, kwa maana nilifunzwa kwamba msichana hapigi mluzi. Hakuacha.

Leo alfajiri, tukiwa jikoni, tuliusikia. Sauti mbili za chini, ya tatu ikipanda.

 Phyllis alitoka mbio, miguu mitupu, mwiko wa uji ungali mkononi, akavuka nyasi zenye umande na kulifungua lango kwa mkono mmoja, yeye ambaye kila siku hulalamika kwamba komeo ni zito. Nilimfuata. Barabara ilikuwa tupu hadi kwenye michai ya jirani. Kisha mluzi ukasikika tena, nyuma yetu, ndani ya kaiyaba. Kurumbiza alikuwa chini ya ugo, akirukaruka juu ya majani makavu, mkia ukichezacheza.

"Ni ndege, Mama Kinyua," nikasema.

"Najua ni ndege," akasema. "Ulishatuambia ni ndege."

Alilishikilia lango kwa muda, uji ukimdondokea mguuni, halafu akarudi ndani bila kulifunga. Mimi pia sikulifunga.

Nitaandika jambo moja zaidi kwa sababu zoezi linataka ukweli. Kabla ya Phyllis kusimama, mimi nilikuwa nimekwisha kuinuka kitini.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Imeanza alasiri kwa upepo, ikapiga mabati hadi redio haikusikika. Tumekaa tukiisikiliza kama watu waliotembelewa.

Jumatano, 2 Aprili

Tumepanda njahi, maharage yetu meusi, na viazi. Mpakani, ncha za kijani zimetoboa udongo, nene kama vidole gumba, kila moja mahali pake pale pale. Hakuna aliyezipanda upya wala kuzimwagilia. Mmea uliokuwa umekufa kwa macho yangu ulikuwa umejifungia tu chini, ukingoja.

Kurumbiza ameimba kila asubuhi, mvua isiponyesha na mvua inaponyesha. Ameiga shorewanda, ameiga kifaranga cha Kingori kilichopotea, kisha ameupiga mluzi ule. Phyllis hatoki tena. Huacha kuosha chombo alichokishika, husubiri ndege amalize, halafu huendelea.

Jumapili, 6 Aprili

Kinyua amekuja kutoka Kenol, ambako ana duka la mabati na misumari. Amekuja na mkate na haraka.

"Baba, mpimaji anataka tarehe."

"Na dada yako?"

"Dada ako Kerugoya, ako sawa. Si ulisema mwenyewe? Mimi nilikuwa hapo. Ati ndege na mmea. Sasa tatizo iko wapi?"

"Liko wapi," nikasema.

"Ehe. Liko wapi?"

Sikuwa na jibu zaidi ya lile la sarufi. Phyllis alimpakulia chakula, akamtazama akila.

"Ulilala hapa mara ya mwisho lini, Kinyua?"

"Mama, ni kazi. Duka haijifungui."

"Nauliza tu. Nilisikia wewe ndiye mmea."

Kinyua alicheka, akaniangalia aone kama mimi nacheka, akaacha. Alikula nusu ya sahani. Aliondoka kabla ya mvua ya alasiri ili gari lisikwame kwenye tope la kwetu. Si mtoto mbaya. Hakuomba kitu ambacho sikumwahidi mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, mbele ya shahidi.

Ijumaa, 11 Aprili

Jana nilikupigia simu ukacheka, na nayaandika maneno yako hapa ili usije ukayakana. Nilikuuliza kurumbiza huhama mwezi gani. Ukasema: "Ngatia, huyo hahami. Wanaohama ni mbayuwayu na wenzao wanaokimbia baridi ya kwao. Kurumbiza wako akizaliwa katika ugo huo, atafia humo, au akienda mbali sana ni mashamba mawili mbele."

Nikakuuliza aliupataje mluzi wa mtu aliyeondoka mwaka juzi. Ukasema: "Aliusikia mtu huyo alipokuwapo, akaushika. Au babaye aliushika akamrithisha. Wewe je, umeshika nini?"

Halafu simu ikakatika. Sijui kama ni salio langu lililoisha au ni wewe uliyekata.

Jumatatu, 14 Aprili

Ukungu mchana kutwa. Nimeshinda nikisafisha mifereji.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Matoka yamechanua. Ni meupe, kila petali ina mstari mwekundu uliokoza kutoka shina hadi ncha, na jioni harufu yake hufika hadi barazani. Yamelemewa na mvua, yameinama, mengine upande wetu, mengine upande wa Kingori, bila upendeleo.

Baada ya kutoka kanisani nilikwenda kuyatazama yale ya karibu na mto. Kingori alikuwapo, ameegemea jembe. Yeye ananizidi umri kwa miaka michache, na alikuwa nyumbani siku ambazo mimi nilikuwa shule ya bweni.

"Imetoka mizuri," akasema. "Mkono ya mama yako ilikuwa na baraka."

"Mkono wa baba yangu," nikamsahihisha. "Baba yangu na baba yako ndio walioupanda mpaka huu."

Kingori akalisimamisha jembe.

"Nani alikuambia?"

"Ndivyo ilivyo. Wanaume wa pande mbili ndio hupanda."

"Ndivyo inafaa. Lakini si ndivyo ilikuwa. Atiriri, hebu sikia, Mwalimu, wewe ulikuwa bweni ukisoma hiyo Kiswahili. Mimi nilikuwa hapa, nilibeba hiyo mizizi kwa kikapu. Baba yako alikuwa na homa, hawezi simama. Mzee wangu akasema tungoje apone. Mama yako akasema, mvua haitangoja mgonjwa. Akapiga magoti hapa, kwa matope, akashika itoka upande yenu, mzee wangu akashika upande yetu. Wazee walinung'unika kidogo, halafu wakanyamaza. Kutoka huo mti mpaka kwa maji, hii yote ni Wachuka."

Mama yangu aliitwa Wachuka. Unaijua desturi yetu: binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake. Ndiyo maana tangu binti yangu alipozaliwa nilimwita Maitu, yaani mama, hadi siku nilipomwambia hapandwi. Tangu siku hiyo sijamwita kwa jina lolote.

"Kwa nini hukusema mwaka juzi?" nikamuuliza Kingori. "Ulikuwa umesimama pale barazani kwangu."

"Shamba ni yako. Mtoto ni yako. Ningesema nini?" Akabandua jani lililonata kwenye jembe lake kwa kidole. "Lakini nilienda nyumbani nikaambia mke yangu: leo Mwalimu amefukuza mama yake kwa shamba yake. Mbele yangu. Na mimi nimekunywa chai yake."

Alinitazama kama mtu anayengoja kurekebishwa. Sikumrekebisha hata neno moja. Alisubiri kidogo, akasema, "Basi leo uko mgonjwa kweli," akaenda zake.

Nilibaki pale hadi mvua ilipoanza. Nilijaribu kukumbuka magoti ya mama yangu. Nilikumbuka mikono yake, kitambaa chake cha kichwa, jinsi alivyokuwa akikohoa akiamka. Magoti sikuyakumbuka. Hakuwahi kuniambia habari hii, na mimi sikumwuliza mama yangu swali lolote la shamba maisha yangu yote, kwa sababu nilidhani majibu yote yako kwa baba.

Nilipofika nyumbani Phyllis aliniuliza kwa nini nimelowa hivi. Nikamwambia.

"Nilijua," akasema. "Mama mwenyewe aliniambia tulipokuwa tukichuma kahawa. Nilidhani nawe unajua."

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Kiti cha Wachuka kimewekewa mifuko ya mbolea. Nimeihamisha.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua ya mawe. Njahi zimepigwa, zitainuka. Kurumbiza hakuimba asubuhi na Phyllis alitoka mara mbili kuuangalia ugo. Aliimba saa kumi.

Jumamosi, 3 Mei

Nilimwambia Phyllis nakwenda Nyeri kwa daktari wa meno. Nikapitia Karatina hadi Kerugoya.

Sikuwa na shida ya kumpata. Chini ya soko, kando ya lami, pana mbao zilizopangwa juu ya mawe, na juu yake miche katika mifuko myeusi: mawaridi, mayungiyungi, mikaratusi, mingine nisiyoijua. Nilisimama upande wa pili mbele ya duka la mbegu nikijifanya nasoma bei.

Alikuwa amevaa viatu vya mpira na sweta ya kijivu. Alikuwa akimwambia mteja, mama mmoja aliyejifunga leso kiunoni:

"Mama, hii ukiipenda sana utaiua. Maji kidogo. Usiimwagilie kama unaosha gari."

"Na isipokua nitakurudishia?"

"Isipokua nirudishie, nitaiuliza ulikuwa unaifanyia nini."

Mama yule alicheka hadi akashika ubao. Wachuka naye akacheka, akainama kuchukua mkebe wa maji, akaanza kunyunyizia huku akipiga mluzi. Si ule wa langoni. Ulikuwa wimbo wa kanisa, tena wenye kasi isiyofaa. Alipogeuka niliona mvi juu ya sikio lake. Sikujua ana mvi. Nilikuwa na binti mwenye mvi na sikujua.

Hatua chache za lami zilikuwa kati yetu, na nilikuwa na maneno kamili, nimeyapanga tangu Karatina, kila nomino na kitenzi chake. Gari lilipita, likapita jingine. Niligeuka nikarudi stendi.

"Daktari amesemaje?" Phyllis aliniuliza jioni.

"Amesema nirudi."

"Ni jino lipi?"

Sikuwa nimelitayarisha jino. Phyllis aliutazama udongo mwekundu kwenye viatu vyangu, ambao si wa Nyeri mjini.

"Ukirudi kwa daktari huyo uniambie," akasema. "Mimi nami nina lilo hilo linaloniuma."

Alhamisi, 8 Mei

Nimesoma tena ukurasa wa kwanza wa daftari hili. Niliandika kwamba nitathibitisha. Haya ndiyo niliyothibitisha mpaka sasa.

Kurumbiza na itoka wanafanya kazi moja. Wote wawili huonyesha mwisho wa mahali. Ndege huimba pembeni mwa ugo kila asubuhi ili ndege wengine wajue hapa pana mwenyewe. Akinyamaza siku chache, mwingine ataingia. Itoka husema neno hilo hilo kwa ua, mara moja kwa mwaka, kwa muda mfupi, na asiyepita mpakani juma hilo hupitwa. Miezi mingine hunyamaza kabisa na hata mwenye shamba hudhani halipo.

Nilimwita binti yangu ndege. Lakini yeye aliomba mara moja tu, kwa adabu, barazani, akiwa amevaa nguo nzuri. Hakuimba kila asubuhi. Alisema, nikakataa, akanyamaza, nami nikauchukua ukimya wake kuwa ndio mwisho wa jambo.

Sijui hili linaingia wapi katika zoezi lako. Limeingia.

Jumatano, 14 Mei

Mpimaji amepiga simu: yuko tayari tarehe thelathini. Nikampigia Kinyua nikamwambia hakuna jiwe litakalotiwa kabla sijazungumza na dada yake kuhusu pembe ya mtoni.

"Baba, unabadilisha maneno?"

"Ndiyo."

"Wewe?"

"Mimi."

 Nilisikia mtu dukani kwake akiuliza bei ya misumari ya mabati.

"Mimi nilikuwa nimepanga hapo nijenge," akasema. "Kwa sababu ya mto. Nilikuwa nimeambia watoto."

"Najua."

"Hujui, Baba. Hukuwahi kuniuliza."

Hilo nalo ni kweli. Nimewapa watoto wangu wawili majibu mengi, na maswali machache sana.

Jumamosi, 17 Mei

Manyunyu. Matoka yameanza kuangusha maua.

Jumamosi, 24 Mei

Tulikwenda Kerugoya, Phyllis na mimi. Yeye alivaa nguo yake ya kanisani. Nilivaa tai. Sijui kwa nini nilivaa tai.

Wachuka alikuwa amepiga magoti akipandikiza miche. Alimwona mama yake kwanza. Alisimama, akaiangalia mikono yake iliyojaa matope, hakujua aipeleke wapi, na Phyllis akamkumbatia na matope yote. Walikaa hivyo muda mrefu. Mimi nilisoma majina ya maua.

"Habari yako, Baba."

"Nzuri. Habari ya kazi?"

"Ni nzuri. Mvua imesaidia."

Akatugeuzia kreti mbili tukaketi, akatumiminia chai kutoka chupa yake. Sikuinywa. Nilisimama, kwa sababu mambo mengine sijui kuyasema nikiwa nimeketi.

"Maitu," nikasema. "Pembe ya mtoni ni yako. Tutapanda itoka kuizunguka. Kingori atashuhudia, na kaka yako atakuwapo. Mzizi utaushika wewe kwa mkono wako, kama alivyofanya mwenye jina lako."

Alichuma jani moja lililokauka kwenye waridi, kisha jingine.

"Cucu, mama yako, ndiye alipanda ule mpaka?"

"Ndiye. Sikujua."

"Ulisema mimi ni ndege."

"Nilisema mbele ya watu, na nitalirudisha mbele ya watu wale wale."

"Na nini kimebadilika?"

Nikamweleza. Nikamwambia kuhusu zoezi lako, kuhusu kurumbiza asiyehama, kuhusu matoka yanayotoweka ukame na kurudi na mvua, kwamba nilikuwa nimekosea juu ya ndege na nimekosea juu ya mmea. Nilieleza kwa utaratibu. Alisikiliza huku amekunja uso, halafu akaanza kucheka, na kicheko kikamshinda, akafuta macho kwa kiwiko kwa kuwa vidole vilikuwa na udongo.

"Kwa hivyo imebidi Mwalimu Mwangangi akupe kazi ya nyumbani ndiyo ujue mtoto wako?"

"Ndiyo," nikasema.

Jibu hilo hakulitarajia. Aliacha kucheka.

"Mimi si ndege, Baba. Na usinifanye maua sasa, kwa sababu umegundua maua ni mazuri. Nilikuwa mtu mzima anayeomba mahali pa kukaa karibu na wazazi wake. Hiyo tu."

 Phyllis alikuwa akiitazama chai yake.

"Unaona hapa?" Wachuka akaonyesha kwa mkono. "Palikuwa mawe. Udongo wote huu nimeubeba kwa gunia. Mwenye ploti ameniambia nikae hadi nitakapochoka. Watu wanakuja hadi kutoka Kutus kunitafuta. Nikirudi, naanza upya tena, nikiwa hivi nilivyo. Nisiporudi, Mama..." Hakumaliza.

"Usinihesabu mimi," Phyllis akasema.

"Nitaachaje kukuhesabu, Mama?"

Mteja alikuja, akauliza bei ya mche, akatutazama sote watatu, akasema atarudi.

"Sikatai, Baba," Wachuka akasema. "Lakini leo sitajibu. Leo nitajibu kwa hasira ama kwa machozi, na ardhi haijibiwi hivyo. Na mpimaji wako asinihimize."

"Utajibu lini?"

"Wewe uliniambia hapana kwa dakika moja. Mimi acha nitumie muda."

Nilitaka kumwambia kwamba umri wangu hauna muda mwingi wa kukopesha. Lilikuwa jambo la kweli, na lisingekuwa haki. Nikalimeza pamoja na chai iliyokuwa imepoa.

"Tumia muda," Phyllis akasema, akisimama. "Lakini ukiwa unautumia, uje ule. Kula hakuhitaji jiwe la mpaka."

Wachuka alitusindikiza hadi kwenye lami. Alinyoosha tai yangu, ambayo ilikuwa imekaa sawa.

Jumatano, 28 Mei

Nimemwambia mpimaji asije.

Jumapili, 1 Juni

Mvua imepungua. Baridi inaanza kushuka kutoka mlimani, na asubuhi kilele hakionekani. Matoka yamemaliza, mbegu zake nono zimelala juu ya udongo upande huu na ule.

Kinyua alipiga simu jana jioni. Hakusalimu sana.

"Na akisema hapana?"

"Pembe itabaki na jina lake hadi nife, na baada ya hapo."

"Na akisema ndiyo?"

"Utakuja na jembe."

"Jembe? Baba, sina jembe. Mimi huuza, situmii."

"Basi utaleta moja kutoka dukani."

Hakusema atakuja. Hakusema hatakuja. Aliuliza mama yake anaendeleaje, akakata.

Hitimisho la zoezi sina. Nililianza nikiwa na jibu, nikalipoteza katikati, na sasa naliacha wazi. Nipe alama unazoona zinanifaa. Kwa miaka yote nimekuwa mtu wa kutoa jibu na wengine hulingoja. Sikujua kungoja kunavyokaa mwilini. Kunakaa kifuani upande wa kulia, na hushika zaidi gari lipunguzapo mwendo kwenye kona yetu.

Phyllis ameniuliza kama ni vibaya tumpigie. Nimesema aliomba muda, na muda si muda ukiwa unabishiwa hodi. Baadaye nimemkuta akichaji simu zote mbili, yake na yangu. Nimeipandisha sauti ya yangu hadi mwisho.

Daftari hili litaondoka kesho kuja kwako. Usinijibu bado. Wachuka akisha kuamua, awe amekuja au amekaa, nitakuandikia siku iyo hiyo.